KWA NINI PROGRAMU HUSAHAU LESENI YAKE?

 

 Mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo linalowasumbua wengi wenye kompyuta, madrasani na majumbani. Programu imenunuliwa kwa halali, imewekwa, imeandikiwa nambari yake ya leseni, na imefanya kazi miezi mingi bila tatizo. Kisha siku moja inafunguliwa, na inadai kuwa haijawahi kupewa leseni yoyote. Inaomba nambari upya kana kwamba ndiyo kwanza imetoka dukani.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kuna suala la mali, kwani leseni nyingine hununuliwa kwa michango ya wazazi. Kuna suala la wakati, maana aghalabu hutokea pale ambapo kazi inahitajika sana, kama vile siku ya kuchapisha matokeo ya mtihani. Lakini lililotusukuma hasa kuandika ni lawama. Ufunguo ukipotea, wa kwanza kushukiwa ni mtoto aliyekaa mwisho mbele ya kompyuta. Ataambiwa amechezea mashine, au amefuta kitu, na huenda akazuiwa kuingia tena chumba cha kompyuta. Ilhali mara nyingi mtoto yule hakufanya lolote ila kuwasha na kuzima. Kumdhania vibaya asiye na kosa ni dhulma, na katika jambo hili dhana hiyo huzaliwa na kutojua mashine inavyofanya kazi. Basi tueleze. Mifano yetu itakuwa ya Windows, kwa kuwa ndiyo iliyoenea zaidi katika kompyuta zetu.

LESENI HUKAA WAPI?

Tunapoandika nambari ya leseni na kubonyeza kitufe cha kukubali, programu huikagua nambari ile, kisha huandika mahali fulani ndani ya diski kwamba "huyu amelipa". Kila inapofunguliwa tena hurudi mahali pale kusoma. Ikiukuta ule mwandiko, inatufungulia. Isipoukuta, haina njia nyingine ya kujua kwamba tulilipa, wala haikumbuki sura ya mtu. Kwa hiyo neno "kusahau" tumelitumia kwa urahisi tu. Kinachotokea hasa ni kimoja kati ya vitatu: mwandiko umeondoka, au upo lakini programu inatazama pengine, au upo na unasomwa lakini haukubaliki tena.

Baadhi ya programu huweka mwandiko huo katika faili la kawaida. WinRAR, ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa kufungulia mafaili yaliyobanwa, hutumia faili dogo liitwalo rarreg.key, ambalo huwekwa ndani ya folda ya programu yenyewe au katika folda ya mtumiaji. Mtu akiifuta folda ile ili aiweke programu upya, leseni nayo imekwenda. Hapo hakuna siri yoyote.

Programu nyingi zaidi huandika katika rejista. Hili ni daftari la ndani la Windows ambamo mfumo na programu huhifadhi mipangilio yao. Na hapa inafaa tukae kidogo, maana visa vingi vya leseni kupotea vinaanzia humu.

DAFTARI MOJA, RAFU MBILI

Rejista ina sehemu inayohusu mashine nzima, na sehemu nyingine inayomhusu kila mtumiaji peke yake. Ile ya mashine ni kama ubao wa matangazo wa madrasa, kila aingiaye anausoma. Ile ya mtumiaji ni kama daftari lililomo mkobani mwa mwanafunzi mmoja. Na hata katika diski ni mafaili tofauti: ya mashine yamo ndani ya folda ya Windows, na ya mtumiaji ni faili liitwalo NTUSER.DAT, ambalo limo ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe.

Sasa tuchukue ustadhi aliyeingia kwa akaunti yake, akaweka programu na kuandika nambari ya leseni. Kama mtengenezaji wa programu aliamua leseni iandikwe katika rafu ya mtumiaji, basi imeandikwa mkobani mwa ustadhi. Kesho mwanafunzi anaingia kwa akaunti ya wanafunzi, anaifungua programu ile ile katika kompyuta ile ile, na inamwomba leseni. Hakuna kilichopotea. Ustadhi akirudi kwenye akaunti yake ataikuta programu iko salama kabisa. Hiki ndicho kipimo chepesi kuliko vyote, nasi tunawaomba maustadhi wakifanye kabla ya kumwita mtoto yeyote kumhoji: ingia kwa akaunti iliyotumika siku programu ilipowekwa.

Kuna hila nyingine ya rafu hizi. Tangu Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika katika sehemu za mashine nzima. Ruhusa hiyo ni ya msimamizi. Lakini programu nyingi za zamani zilizoea kuandika popote. Ili zisianguke, Windows huzifanyia jambo la ajabu kidogo: huiachia programu ya zamani idhani kwamba imeandika katika sehemu ya mashine, kumbe imeipa nakala pembeni, ndani ya folda ya mtumiaji huyo. Programu inaridhika na mtumiaji anaridhika. Akija mtumiaji mwingine, au programu ile ile ikifunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi, inatazama sehemu halisi ya mashine, na haikuti kitu. Ndiyo maana kwa programu za namna hii mafundi hushauri leseni iandikwe huku programu imefunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi, ili mwandiko uende mahali pake hasa.

Vilevile Windows ya biti 64 hutenga sehemu yake maalumu ya rejista kwa ajili ya programu za biti 32. Mtu aliyekuwa na toleo la biti 32, kisha akaweka toleo la biti 64 la programu hiyo hiyo, anaweza kukuta toleo jipya linatafuta leseni katika rafu nyingine kabisa.

Na kipo kisa kimoja ambacho hutisha zaidi kuliko hivi. Faili la mtumiaji likiharibika, Windows hushindwa kulifungua, na badala ya kumfungia mtu nje humwingiza kwa akaunti ya muda. Atakuta picha ya mbele imebadilika, mafaili yake hayaonekani mezani, na programu zinaomba leseni. Chochote atakachohifadhi katika akaunti ile ya muda hutupwa akitoka. Kwa hiyo mtu anayeandika leseni asubuhi na jioni ikapotea tena, aangalie kama Windows haikumpa ujumbe kwamba ameingia kwa akaunti ya muda. Akiuona, asiendelee kuandika nambari. Amwone fundi alitengeneze lile faili, na mafaili yake ya zamani kwa kawaida bado yamo katika diski.

CHUMBA CHA KOMPYUTA KINACHOJISAFISHA

Madrasa na shule nyingi zenye chumba cha kompyuta huweka programu ya kuigandisha diski. Iliyo mashuhuri ni Deep Freeze, na kwa Windows XP na Vista Microsoft nao waliwahi kutoa bure iliyoitwa SteadyState, ambayo waliisitisha mwisho wa 2010. Kazi yake ni kwamba kila kompyuta inapozimwa na kuwashwa, diski inarudi katika hali iliyokuwa siku ilipogandishwa. Wanafunzi wakibadilisha picha, wakileta virusi kwa flashi, wakifuta mafaili, yote yanafutika kesho yake. Ni jambo jema sana kwa chumba chenye watoto wengi.

Lakini mashine haichagui. Leseni iliyoandikwa baada ya kugandishwa nayo hufutika pamoja na uchafu. Fundi anakuja Jumatatu, anaandika nambari, anaifungua programu mbele ya watu wote na inakubali. Jumanne imesahau. Katika chumba kama hiki ni lazima kwanza diski iyeyushwe, kompyuta iwashwe upya, leseni iandikwe, programu ifunguliwe mara moja kuhakikisha, kisha ndipo igandishwe tena. Na mwenye nywila ya kuyeyusha awe mtu anayejulikana, si mtu aliyehama na nywila yake.

UMEME NA BETRI YA SAA

Windows haiandiki kila kitu kwenye diski papo hapo. Mabadiliko ya rejista hukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda, na baada ya muda mfupi ndipo humiminwa diskini. Umeme ukikatika katikati, huenda mwandiko wa mwisho usifike. Windows ina njia za kujilinda na hali hiyo, na aghalabu hujirekebisha, ila si kila mara. Pia inapowaka baada ya kuzimika ghafla huweza kukagua diski, na vipande vya mafaili visivyo na mwenyewe hukusanywa katika folda yenye jina kama FOUND.000. Faili la leseni linaweza kuishia humo likiwa halina tena jina lake. Kwa hiyo mkishaandika leseni mpya, ifungeni programu vizuri na mzime kompyuta kwa utaratibu wake, msisubiri umeme uizime.

Kuhusu saa, tunaona watu wengi hawalijui jambo hili, nalo ni rahisi kulitengeneza. Ndani ya kompyuta mna betri ya duara mfano wa sarafu, mara nyingi aina ya CR2032 ya volti 3. Hiyo ndiyo inayoendesha saa wakati kompyuta haina umeme. Baada ya miaka kadhaa huisha. Tangu hapo, kila kompyuta ikichomolewa ukutani, tarehe hurudi nyuma miaka mingi.

Leseni ya muda, tuseme ya mwaka mmoja, huangalia tarehe. Ikikuta leo ni kabla ya siku leseni ilipoanza, inakataa. Watengenezaji wanajua kwamba wapo watu wanaorudisha saa nyuma kwa makusudi ili leseni isiishe, kwa hiyo baadhi ya programu hukumbuka tarehe kubwa zaidi zilizowahi kuiona, na saa ikirudi nyuma huifunga leseni. Programu haiwezi kutofautisha baina ya mdanganyifu na betri iliyokufa. Zaidi ya hayo, saa ikiwa mbali na ukweli hata intaneti hukataa, kwa sababu vyeti vya usalama vinavyotumiwa na seva vina tarehe za kuanza na kwisha. Kwa hiyo programu inashindwa hata kuuliza kwao kama tumelipa. Mtu hutoa pesa kwa fundi kwa ajili ya "virusi", ilhali tatizo ni betri ndogo ambayo ingebadilishwa kwa dakika chache. Ukiona leseni imekataliwa, tazama kwanza pembeni chini ya skrini, tarehe na mwaka.

PROGRAMU INAPOIKANA KOMPYUTA YAKE

Leseni nyingi huuzwa kwa kompyuta moja. Ili kuhakikisha hivyo, programu hukusanya alama za vifaa vilivyomo, kama vile diski, bodi kuu ambayo mafundi huiita mazabodi, na kadi ya mtandao, kisha hutengeneza kutokana nazo nambari moja ya utambulisho. Leseni hufungwa na nambari hiyo. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa ndiyo iliyowafanya watu wengi walijue jambo hili kwa mara ya kwanza. Mtu alipewa siku 30 za kuiidhinisha, na akibadilisha vifaa vingi ilimtaka aidhinishe tena. Kadi ya mtandao ilipewa uzito mkubwa kuliko vifaa vingine.

Vifaa vikibadilika, leseni inasomeka lakini nambari haiafikiani. Diski iliyohamishwa kutoka kompyuta mbovu kwenda nzima, bodi kuu iliyobadilishwa baada ya umeme kuunguza ile ya kwanza, yote haya huifanya programu iseme "hii si kompyuta yangu". Tena kuna programu zilizoandikwa kwa uzembe, ambazo hushika kadi ya mtandao ya kwanza inayoonekana. Leo umechomeka modemu ya kuchomeka pembeni, inaonekana hiyo. Kesho umeichomoa, nambari imebadilika na leseni imekataa. Ukiichomeka inarudi! Kwa Windows 10 na zilizofuata, leseni ya kidijitali imefungamana hasa na bodi kuu, na tangu 2016 mtu anaweza kuiunganisha na akaunti yake ya Microsoft ili aweze kuidai akibadilisha vifaa. Ni vyema kuunganisha mapema, maana bodi ikishaungua ni kuchelewa.

Jamaa wa jambo hili ni mafaili yaliyofungwa kwa siri. Tangu Windows 2000, programu zinaweza kuhifadhi siri zake kwa kufuli linalotegemea nywila ya mtumiaji. Mwenyewe akibadilisha nywila yake kwa njia ya kawaida hakuna dhara. Lakini akiisahau, msimamizi akamwekea mpya kwa nguvu, kufuli lile linaweza kubaki bila ufunguo, na kila kilichomo, pamoja na leseni, hakisomeki tena.

Programu za kusafisha tutazipitia haraka. Zile zinazoahidi kuisafisha rejista hufuta miandiko zisiyoitambua, na mwandiko wa leseni mara nyingine umefichwa kwa makusudi, hivyo huonekana kama takataka. Kwa maoni yetu kuisafisha rejista hakuna faida ya maana, na madhara yake tumekwisha kuyataja. Antivairasi nazo huweza kuliweka karantini faili la leseni kwa kulishuku. Hilo hurudishwa kwa urahisi katika orodha ya karantini.

Kuna kisa kimoja tulichokipenda kwa ajabu yake. Mfumo wa leseni wa FlexNet, uliotumiwa na programu kubwa kama za Adobe, uliweka alama zake nje ya mafaili yote, katika sehemu za mwanzo kabisa za diski. Sehemu hizo hizo ndizo zinazotumiwa na GRUB, programu ya kuwashia Linux. Aliyeweka mifumo miwili katika kompyuta moja aliweza kukuta mmoja umeandika juu ya mwenzake: ama leseni inakufa, ama Linux haiwaki.

UFUNGUO ULIOKATALIWA NA MWENYEWE

Mara nyingine kompyuta yetu haina kosa, bali upande wa pili umekataa. Leseni za Windows na Office zinazotolewa kwa taasisi kupitia seva ya ndani hudumu siku 180 tu, na ni lazima kompyuta iione seva ile kabla hazijaisha. Kompyuta ya taasisi iliyopelekwa nyumbani nusu mwaka itaanza kulalamika. Kampuni nayo inaweza kuifunga seva ya zamani, na programu ya zamani ikiwekwa upya haina wa kumuuliza.

Na zipo nambari zilizoibwa. Nambari moja ya taasisi ya Windows XP ilivuja na kuenea duniani, na Microsoft waliizuia katika toleo la marekebisho la 2002. Duka fulani likikuuzia Windows kwa bei ya soda, nambari yake huenda inatumiwa na maelfu, na siku itakapozuiwa utadhani kompyuta imesahau. Wengi wakifika hapo hutafuta kraki. Tunasema wazi kwamba kraki ni njia kubwa ya kuingiza virusi, na kisha lipo suala la haki. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait, Disemba 1988, azimio namba 43, ilieleza kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivunja. Na aya ya kwanza ya Suratul Maida inawaamrisha waumini watimize mikataba. Asiyeweza kununua ana njia ya halali, kwani LibreOffice hufanya kazi za maandishi na hesabu bila ufunguo wowote, na Linux hali kadhalika. Programu isiyo na leseni ya kuandika haina cha kusahau.

KABLA YA KUPIGA WINDOWS

Hasara kubwa kuliko zote huja pale fundi anapofomati diski na kupiga Windows upya bila kuuliza. Hapo rejista, mafaili na leseni vyote huondoka kwa pamoja. Baadhi ya programu zina kitufe cha kuiachia leseni, nacho hubonyezwa kabla ya kufomati, ili kampuni ihesabu kwamba kompyuta ile imeitoa na ipatikane nafasi ya kuiweka tena. Usipokibonyeza, unaweza kuambiwa kwamba idadi ya kompyuta zako imekwisha.

Basi kila nyumba na kila madrasa iwe na daftari la karatasi kwa ajili ya leseni. Liandikwe jina la programu na toleo lake, nambari kamili, tarehe ya kununuliwa, barua pepe iliyotumika kununulia, kompyuta iliyowekewa, na akaunti iliyotumika siku ile. Nambari za Windows zina herufi na tarakimu 25 katika mafungu matano, na hazitumii sifuri wala herufi O, kwa hiyo ukiona duara ndani yake ni vyema uisome tena: huenda ni Q au D. Risiti ibandikwe ukurasa huo huo, na daftari likae kabatini, mbali na kompyuta yenyewe.